Mtoto aliyechanjwa mara moja na hakurudi

Swali: Mimi ni muuguzi kiongozi wa kituo kidogo cha afya. Dozi ya kwanza ya penta, ile chanjo moja inayokinga magonjwa matano, tunawapa karibu watoto wote wanaozaliwa katika eneo letu, lakini ikifika dozi ya tatu nafasi tupu zinaanza kuonekana kwenye rejesta, na kwenye dozi ya pili ya chanjo ya surua zinakuwa nyingi mno. Kamati ya kituo inapendekeza tukodi gari la matangazo lipite na kipaza sauti kuwahimiza wazazi walete watoto. Nina mashaka kama hilo litasaidia. Tufanye nini ili watoto wengi zaidi wakamilishe chanjo?

Jibu: Muuguzi mwenzangu, mashaka yako yana msingi. Gari la matangazo humfaa mzazi asiyejua kwamba chanjo ipo, au asiyejua inatolewa wapi. Wazazi unaowaulizia wewe wanajua yote mawili. Walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakamfunua mtoto paja, wakamshika huku analia, wakaondoka na kadi mkononi. Mtu aliyekwisha kupitia hayo hakosi mwamko. Kuna jambo lililotokea kati ya siku ile na siku aliyotakiwa kurudi. Katika miaka mingi ya kusimamia huduma za chanjo nimejifunza kwamba mara nyingi jambo hilo hutokea ndani ya kituo chenyewe, mbele ya macho yetu, wala hatulitambui. Ndiyo maana nakushauri nguvu na fedha za kituo zielekezwe kwanza kwa mtoto ambaye jina lake tayari mnalo, na gari la matangazo lisubiri.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima ukubwa wa tatizo kwa hesabu ya walioishia njiani. Chukua idadi ya watoto waliopata penta ya kwanza katika kipindi fulani, toa idadi ya waliopata penta ya tatu katika kipindi hicho hicho, gawanya tofauti kwa idadi ya waliopata ya kwanza, kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano, kama waliopata ya kwanza ni 200 na waliopata ya tatu ni 160, walioishia njiani ni 20%. Fanya vivyo hivyo kati ya penta ya kwanza na surua ya kwanza, halafu kati ya surua ya kwanza na ya pili. Jibu linalozidi 10% huchukuliwa na programu za chanjo kuwa dalili ya kasoro katika huduma yenyewe, kwa sababu familia zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kukifikia kituo. Penta ya kwanza ikiwa chini, hapo ndipo tunapofikiria umbali, nauli na watu wasio na taarifa. Kwenu, kwa maelezo yako, penta ya kwanza iko juu.

Naipenda hesabu hii kuliko asilimia ya kiwango cha chanjo inayoandikwa kwenye taarifa za mwezi, kwa sababu haitegemei makadirio ya idadi ya watu. Vituo vingi hupewa lengo la mwaka lililokokotolewa kutoka sensa ya zamani, na matokeo yake utakuta kituo kimoja kinaripoti kwamba kimechanja zaidi ya 100% ya watoto wake huku kituo jirani kikionekana kimelala, ilhali kilichotokea ni kwamba familia zimehama, au zinavuka kwenda pale ambapo foleni ni fupi. Rejesta yako haina makadirio. Ina majina, na jina unaweza kulifuata hadi nyumbani.

Huenda mjumbe wa kamati akauliza kuna haja gani ya kuhangaikia dozi za mwisho ikiwa kila mtoto ameanza. Mjibuni kwa surua, kwa kuwa ndiyo isiyosamehe pengo. Mgonjwa mmoja wa surua akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na ili virusi vikose njia ya kupita inatakiwa watu wapatao 95% wawe na kinga. Dozi ya kwanza ikitolewa katika umri wa miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100, kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama zao bado huweza kuizuia chanjo isifanye kazi kikamilifu. Sasa fikiria eneo ambamo watoto 100 huzaliwa kila mwaka, 90 kati yao hupata dozi ya kwanza, na dozi ya pili haimfikii mtu. Watakaokingika ni kama 76, na 24 watabaki wazi. Mwaka wa pili wataongezeka wengine 24, wa tatu vivyo hivyo, na kufikia mwisho wa mwaka wa nne eneo hilo litakuwa na watoto karibu 100 wasio na kinga, yaani karibu sawa na watoto wote wanaozaliwa ndani ya mwaka mmoja. Hapo mlipuko unangoja mgonjwa mmoja tu aingie, na kituo kitakuwa kimeripoti 90% miaka yote minne.

Nikueleze nilichokiona katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama, nikawa nasubiri kama wao. Mama mmoja alikuja na mtoto aliyetimiza miezi 9 wiki ile ile, kadi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Alikaa pale kwa muda uliozidi saa mbili. Zamu yake ilipofika, muuguzi aliitazama kadi, akalitazama benchi, akahesabu watoto waliohitaji surua, akapata watatu. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, leo hamjatimia, rudi Alhamisi ijayo." Mama akaitika, akaikunja kadi, akairudisha ndani ya mfuko. Nilipopitia rejesta ya kituo kile miezi miwili baadaye, nafasi ya surua kwenye mstari wa mtoto yule ilikuwa bado tupu. Katika taarifa ya mwezi alihesabiwa miongoni mwa watoro wa chanjo, watoto ambao wazazi wao hawakuwaleta. Alikuwa ameletwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

Muuguzi yule hakuwa mzembe, na ningependa ulielewe hilo kabla hujawakaripia walio chini yako. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na kiyeyushi chake inatakiwa kutumika ndani ya saa 6 au hadi mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia, kisha kinachobaki kimwagwe. Amri hiyo haina mzaha, kwa sababu chanjo hiyo haina kihifadhi, bakteria huweza kuzaliana ndani ya kichupa kilichofunguliwa, na vifo vya watoto vimewahi kutokea pale ilipopuuzwa. Basi muuguzi aliyefungua kichupa kwa ajili ya watoto watatu atamwaga dozi saba, na mwezi ukiisha msimamizi atamuuliza kwa nini upotevu wake uko juu. Hakuna atakayemuuliza juu ya mtoto aliyerudishwa nyumbani, kwa kuwa mtoto huyo haonekani popote kwenye fomu. Kati ya kosa linaloonekana na kosa lisiloonekana, mtu yeyote atachagua lisiloonekana.

Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja, nami nauunga mkono bila kusita, maana dozi iliyomwagwa hununuliwa nyingine, lakini nafasi ya mtoto yule haiji tena kwa hakika. Lakini msimamo huo hauwezi kusimama wenyewe. Lazima uagizaji wa chanjo uubebe. Unapokadiria mahitaji, usizidishe tu idadi ya watoto kwa idadi ya dozi. Zidisha pia kwa kizidishi cha upotevu, ambacho hupatikana kwa kugawanya 100 kwa kile kinachobaki baada ya kutoa asilimia ya upotevu. Ukitarajia upotevu wa 40%, unagawanya 100 kwa 60 na kupata 1.67, kwa hiyo kwa watoto 60 utaagiza dozi 100. Kisha mwandikie msimamizi wako, kwa maandishi, kwamba kituo kimeamua kutomrudisha mtoto aliyeletwa kupata chanjo ya surua na kwamba upotevu utapanda kwa sababu hiyo. Akikubali, muuguzi wa zamu atakuwa na kitu cha kujikinga nacho. Vipo pia vichupa vya surua na rubela vya dozi 5. Ikiwa programu yenu ya chanjo inavyo, viombeni. Kwa chanjo za maji kama penta hofu hii haina hata sababu, kwa kuwa kichupa kilichofunguliwa, kikitunzwa inavyotakiwa, kikiandikwa tarehe ya kufunguliwa na kikiwa kimo katika orodha ya chanjo zilizoidhinishwa, kinaweza kuendelea kutumika hadi siku 28.

Kurudishwa kwa sababu ya kichupa ni njia moja tu ambayo kituo hupoteza watoto waliokwisha kufika mlangoni. Nyingine ni mafua. Mtoto analetwa akiwa na kikohozi kidogo au joto lililopanda kidogo, na anaambiwa arudi akipona. Ugonjwa mdogo wa aina hiyo si kizuizi cha chanjo, wala kuharisha kidogo, wala kuzaliwa njiti, wala kutumia dawa za kuua bakteria, wala utapiamlo. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji kinga kuliko mwenzake, kwa kuwa surua humuua kirahisi zaidi. Vizuizi vya kweli ni vichache: mzio mkali wa ghafla uliotokea baada ya dozi iliyotangulia ya chanjo hiyo hiyo, upungufu mkubwa wa kinga mwilini kwa chanjo zenye vimelea hai, na ugonjwa mkali unaomtaka mtoto apelekwe hospitali kwanza. Viandikeni kwenye karatasi moja, mkaibandike ukutani juu ya meza ya chanjo, ili asiwepo mtu wa kuongeza vyake kichwani.

Halafu kuna mtoto anayeletwa kutibiwa. Anapita kwa mganga, anapewa dawa, anaondoka, na hakuna aliyeuliza kadi yake, kwa sababu chanjo ni chumba kingine na siku nyingine. Vivyo hivyo kaka wa miaka miwili anayeandamana na mama aliyemleta mdogo wake. Swali moja likiulizwa na kila mhudumu katika kila chumba, "Kadi ya mtoto iko wapi, tuione?", litakupatia dozi ambazo gari la matangazo halingekupatia. Na mtoto aliyechelewa asifukuzwe wala asianzishwe upya. Ratiba inayotumika katika nchi nyingi huweka penta katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini aliyekuja na miezi 7 akiwa na dozi moja ataendelea na ya pili siku hiyo hiyo, kisha ya tatu baada ya wiki 4. Surua nayo isinyimwe mtoto aliyepita mwaka mmoja. Nimekutana na wahudumu walioamini kwamba mlango umekwisha kufungwa, wakati ukweli ni kwamba mtoto huyo ndiye anayedaiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, nalo ni dakika mbili za mwisho mama anapofunga nguo za mtoto. Penta hukinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na maradhi yanayoletwa na bakteria aina ya Hib, ikiwemo homa ya uti wa mgongo. Ni chanjo njema sana, ila huchosha mtoto. Usiku ule joto linaweza kupanda, paja likavimba, mtoto akalia hadi usingizi ukawapotea watu wote nyumbani. Mama aliyeambiwa mapema kwamba hayo hutokea, kwamba kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi tatu, na kwamba mtoto akipata degedege, akilegea au joto likizidi na kutoshuka amlete kituoni mara moja, ataupita usiku huo akiwa na moyo mzito lakini bila hofu. Ambaye hakuambiwa chochote atahitimisha kwamba tumemdhuru mwanawe, na atakuwa na mashahidi wote wa nyumba. Kisha tutamwita mtoro.

Kwa hiyo kila mama asiondoke bila kuambiwa chanjo aliyopewa mtoto ni ya kinga gani, nini kinaweza kutokea leo usiku na afanye nini, na tarehe ya kurudi. Tarehe iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye kadi, kisha aulizwe airudie kwa mdomo wake: "Mama, tumekubaliana utarudi lini?" Hii si kazi ya kumpima akili, ni njia ya kugundua kwamba siku hiyo ni siku yake ya kazi, au kwamba hawezi kuisoma kadi, mkabadilisha tarehe pale pale. Ni jambo dogo la kuonea haya kulieleza kwa maandishi marefu, lakini nimekaa kwenye kliniki ambako mama aliyepanga foleni tangu asubuhi alipata sekunde chache za kuzungumzishwa, na zote zilikuwa za kuulizwa uzito wa mtoto.

Na sauti. Mama aliyepoteza kadi, aliyechelewa miezi mitatu, ambaye mtoto wake ni mchafu, hujua atasemwaje mbele ya wenzake. Akisemwa mara moja, dozi inayofuata haitamwona. Nakuomba uweke sharti kwamba aliyechelewa apokelewe kwa neno la kwanza la shukrani kwa kuja, na mafundisho yafuate baadaye, tena faraghani. Aliyepoteza kadi aandikiwe mpya kutoka kwenye rejesta bila kutozwa kitu na bila maneno. Wahudumu wengine hudhani kwamba ukali ndio unaowafanya wazazi watii; rejesta zao zinaonyesha kinyume.

Baada ya kurekebisha mlango, ndipo mwanze kuwafuata walioishia njiani, na chombo chake ni kisanduku cha kumbukumbu. Chukua boksi la kawaida la ukubwa wa kadi, weka vigawanyo 12 vya kadibodi, kimoja kwa kila mwezi. Kila mtoto awe na kadi ya pili inayobaki kituoni. Akipata penta ya kwanza mwezi wa tatu na miadi yake ni mwezi wa nne, kadi yake inalala nyuma ya kigawanyo cha mwezi wa nne. Akija, inahamishwa mbele kwenda mwezi wa miadi inayofuata. Mwezi wa nne ukiisha, kadi zilizobaki nyuma ya kigawanyo hicho ndio watoto ambao hawakuja, bila kuhitaji kupekua rejesta wala kukokotoa chochote. Nimeona vituo vyenye kompyuta vikishindwa kutoa orodha hiyo kwa wiki nzima, na kituo chenye boksi la viatu kikaitoa mchana ule ule.

Orodha hiyo igawanywe kwa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii kwa kufuata makazi, kila mmoja majina machache anayoweza kuyamaliza. Wafundisheni kwamba hawaendi kukamata mtu. Anayebisha hodi aseme, "Tulimtarajia mtoto wiki iliyopita hatukumwona, tukaingiwa na wasiwasi, mko salama?" kisha anyamaze asikilize. Majibu atakayorudi nayo ni ya thamani kuliko utafiti wowote mtakaoletewa: familia imehama, mtoto alilazwa, baba alikataa baada ya lile joto la usiku, mama alikuja akakuta chanjo zimekwisha. Kila jibu liandikwe kando ya jina, na kila mwisho wa mwezi wahudumu wote wakae na kuyasoma. Ujumbe mfupi wa simu siku moja au mbili kabla ya miadi nao husaidia, tafiti nyingi zimethibitisha hivyo, lakini usiutegemee kwa familia ambazo namba zao hubadilika au ambako simu si ya mama wa mtoto.

Pengo la kuangaliwa zaidi ni lile la kutoka wiki ya 14 hadi miezi 9. Kwa miezi mitano na zaidi mama hana sababu ya kuja, na mazoea yake ya kliniki yanakatika. Tumieni matone ya vitamini A ya umri wa miezi 6, pamoja na upimaji wa ukuaji, kama daraja. Yaandikwe kwenye kadi kama miadi kamili. Pengo la pili, kutoka miezi 9 hadi ile surua ya pili ya kati ya miezi 15 na 18, lina tatizo jingine: wazazi wengi huambiwa kwenye miezi 9 kwamba mtoto "amemaliza", na pengine hupongezwa. Neno hilo lifutwe kinywani mwa kila mhudumu hadi mtoto apate dozi ya pili.

Kuhusu jokofu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa nadhani unalijua. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto huandikwa mara mbili kila siku, hata siku za mapumziko. Watu huogopa joto zaidi kuliko baridi, ilhali penta, chanjo ya nimonia, ya pepopunda na ya homa ya ini B huharibika zikiganda, na kichupa kilichoganda kikayeyuka huweza kuonekana hakina kasoro. Kama una shaka, fanya jaribio la kutikisa, yaani tikisa kichupa pamoja na kingine ulichokigandisha makusudi, uone ni kipi mashapo yake hutuama haraka. Kiashiria cha joto kwenye kichupa hukuonya juu ya joto peke yake: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, tumia, ukilingana nalo rangi au ukawa mweusi zaidi, tenga. Na kuishiwa chanjo ni namna nyingine ya kumrudisha mtoto nyumbani, kwa hiyo akiba ya chini iwekewe mstari na atakayeagiza atajwe kwa jina.

Hukuuliza juu ya watoto wasioanza kabisa, lakini siwezi kuwaacha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2024 watoto milioni 14.3 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na wengine milioni 5.7 walianza bila kumaliza. Unaposema "karibu watoto wote" umewahesabu waliozaliwa kituoni au walioletwa. Linganisha rejesta yako na orodha ya kina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito, na uwaulize wahudumu wa jamii na wakunga wa nyumbani ni nani amejifungua bila kufika. Chora ramani ya eneo kwa mkono, weka alama kwa kila kitongoji, kisha angalia ni kitongoji gani hakina jina hata moja kwenye rejesta ya mwaka mzima. Mara nyingi ni watu waliohamia karibuni, wanaofuata kazi za msimu, au wanaoishi mpakani ambako kila kituo hudhani ni wa mwenzake. Hao wapelekewe huduma ya mkoba, yaani wahudumu wawafuate na chanjo huko waliko, kwa tarehe isiyobadilika. Mkoba ulioahirishwa mara mbili hauna wateja mara ya tatu, na ni heri kwenda mara 4 kwa mwaka bila kukosa kuliko kutangaza kila mwezi na kwenda mara 5.

Uvumi upo, sitaki kuudharau, ila usiupe lawama kabla hujasoma majibu ya wahudumu wa jamii. Pale ambapo kweli baba au bibi amekataa, mtume mtu anayemwamini, na mtu huyo asianze kwa kukanusha. Aulize kwanza ni nini kilichomtia hofu, na kama ni tukio lililompata mtoto fulani, kituo kilichunguze, kiliripoti kwa utaratibu wa matukio baada ya chanjo, na kirudi na jibu kwa familia ile. Kanusho la jumla halimtoshi mtu mwenye jina la mtoto kichwani.

Basi kwa mwezi huu ningefanya mambo machache tu: kupiga hesabu ya walioishia njiani kwa miezi 12 iliyopita na kuipeleka mbele ya kamati, kuandika ile barua ya upotevu wa surua, na kutengeneza kisanduku. Kamati ikibaki na hamu ya gari la matangazo, msiikatalie. Iombeni ingoje hadi chanjo ya surua iwepo ya kutosha na kila mhudumu awe amekubali kufungua kichupa kwa mtoto mmoja. Siku hiyo gari lipite, nalo liwe na habari mpya ya kutangaza: kwamba surua sasa inatolewa kila siku, hakuna atakayerudishwa, na aliyechelewa au aliyepoteza kadi aje vivyo hivyo.